Baridi Husikika: Insha Niliyoiharibu na Siku Moja Mlimani

Miaka tisa iliyopita niliharibu insha ya mtoto wa watu. Niliiharibu kwa kalamu nyekundu, kwa nia njema, na kwa maarifa yote ya uhakiki niliyokuwa nayo wakati ule. Nakala ninayo hadi leo. Niliitoa fotokopi kabla sijamrudishia mwenyewe, maana nilitaka kuwaonyesha wenzake mfano wa insha ya safari isiyokuwa na mandhari.

Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tanga. Klabu yao ya shule ilikwenda Kilimanjaro kwa siku moja, ile safari ya kuingia lango la Marangu asubuhi, kupanda hadi vibanda vya Mandara na kushuka kabla jua halijazama. Aliporudi akaandika kurasa tatu. Theluji haimo hata mara moja. Kilele hakimo. Mle ndani mna sweta mbili, mna kanga ya mama yake aliyojifunga kichwani, mna mayai ya kuchemsha yaliyopondeka ndani ya mfuko wa rambo, mna rafiki yake aliyekaa chini njiani akalia, na mna mpagazi aliyevua glavu yake moja akampa. Halafu kuna sehemu hii, ambayo niliizungushia duara:

"Vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu mwingine. Nikamuuliza yule kaka mpagazi, huku ndiko kwenye baridi yenyewe? Akasema, hapana, hii mnayoisikia ni harufu yake tu, yenyewe iko juu inalala."

Pembeni niliandika: "Mlima uko wapi? Tumia tashibiha. Mfanye msomaji aone." Kwenye lile tukio la kulia niliandika kwamba halihusiani na mada. Mwisho wa ukurasa wa tatu nikampa alama kumi na moja kati ya ishirini, nikamwambia aandike upya.

Akaandika upya. Safari hii Mlima Kilimanjaro ulikuwa paa la Afrika, theluji yake ilikuwa nyeupe pepepe kama pamba, na mandhari ya kupendeza yalimfanya asahau uchovu wote. Nilimpa kumi na saba, ikasomwa mbele ya shule. Siku ile alipotoka jukwaani alinipita karibu, akasema kwa sauti ya chini, bila utovu wa adabu wowote: "Mwalimu, ile theluji sikuiona. Kulikuwa na mawingu." Nilimjibu kwamba fasihi si ushahidi wa mahakamani. Jibu zuri, wenzangu walilipenda. Baada ya hapo sikumbuki kupokea kwake insha nyingine ya maana. Alikuwa akijaza kurasa tu, kama watoto wengine wote.

Nimestaafu sasa. Naishi Raskazone, na asubuhi zisizo na ukungu, nikisimama mahali ambapo miti imeachana, naiona milima ya Usambara kule magharibi, buluu, kama mtu aliyelala ubavu. Nimeiona maisha yangu yote. Katika miaka yote ya kusoma na kufundisha fasihi ya Kiswahili sikuwahi kujiuliza kwa nini sisi watu wa pwani tuna maneno mengi kiasi kile ya upepo na maji (kusi, kaskazi, matlai, bamvua, maji mafu), na tukifika mlimani tunaazima ya vitabuni. Nilikuwa na jibu la haraka: fasihi yetu ni ya bahari. Niliwahi hata kuliandika mahali. Mwezi uliopita, nikipanga makaratasi, ile fotokopi ikaanguka chini, nikaisoma nimesimama. Wiki mbili baadaye nilikuwa stendi ya Kange na begi mgongoni, mzee mzima, nakwenda kuiona Mandara.

Nieleze kwanza kwa nini insha ya mtoto ilinitoa nyumbani, maana sababu ni ya kifasihi, si majuto tu.

Tarehe 11 Mei mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima mkubwa wa Uchagani. Mwongozaji wake alikuwa Mswahili wa pwani, Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyezijua njia za bara. Rebmann kwanza akadhani ni wingu. Akamuuliza Bwana Kheri. Kwa mujibu wa shajara ya Rebmann mwenyewe, jibu alilolipata juu ya ule weupe lilikuwa neno moja: baridi. Hapo hapo Rebmann, aliyetoka nchi yenye majira ya kipupwe kikali, akatambua kwamba anaangalia theluji. Habari zake zikachapishwa London mwaka uliofuata, na mwanajiografia mmoja aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika Mashariki, akakataa kwa miaka mingi kwamba karibu na ikweta kunaweza kuwa na theluji.

Kisa hiki nimekifundisha mara nyingi, na kila mara nilikifundisha vibaya. Darasani kilikuwa kichekesho cha watu wawili. Cooley ni mjinga wa kwanza, msomi anayebishana na mlima kutoka kitini. Wa pili, samahani, alikuwa Bwana Kheri. Maskini, nilikuwa nikisema, hana neno! Anaona theluji, lugha yake haimpi jina, anasema "baridi". Wanafunzi walicheka, mie nikaendelea na somo la ukuzaji wa msamiati.

Sasa tazama Kiswahili kinavyofanya kazi. Baridi hatuioni. Hatuigusi pia. Baridi tunaisikia. Mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia maumivu, husikia harufu ya samaki, husikia usingizi ukimjia. Kitenzi kile kile cha sikio kinabeba kila kinachoingia mwilini bila kupitia machoni. Bwana Kheri hakuulizwa kitu kile kinaitwaje. Aliulizwa kile ni nini. Akajibu kile kinachomfanyia mtu anayekikaribia. Jina la Rebmann ni la mtu aliyesimama mbali akaona, akakumbuka kwao. La Bwana Kheri ni la mtu aliyewasikia waliofika karibu, au aliyewahi kufika karibu mwenyewe, shajara haisemi. Ni kweli kwamba neno lake tumelipata kupitia kalamu ya mtu mwingine, na huenda siku ile alikuwa amechoka tu anataka wafike. Sitaki kumfanya mwanafalsafa kwa nguvu. Ila kumwita maskini wa lugha, hapana. Hilo nilikosea.

Na yule mpagazi wa kwenye insha, miaka zaidi ya 160 baadaye, alijibu swali lile lile kwa neno lile lile, akaliongezea harufu. Mwanafunzi wangu alilisikia, akalileta Tanga salama. Mie nikalizungushia duara jekundu.

Basi nikaenda.

Barabara mnaijua. Muheza na machungwa yake, Segera, Korogwe, mashamba ya mkonge, kisha Mombo ambapo basi zima linashuka kula. Kuanzia hapo milima inakuwa mkono wa kulia muda wote, Usambara kwanza, halafu Upare, na kushoto ni nyika kavu hadi macho yachoke. Reli nayo inakwenda humo humo. Ilianzia Tanga, Wajerumani wakaisukuma kidogo kidogo kuanzia miaka ya 1890 hadi ikafika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza. Nilishukia Himo, nikapanda gari dogo hadi Marangu, nikalala. Kiingilio cha raia si cha kutisha. Kilichonitisha ni magoti.

Langoni pana kumbukumbu ya Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Marangu wanamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyeuongoza msafara ule. Meyer aliandika kitabu kizito chenye vipimo na michoro. Lauwo hakuandika. Hiyo ndiyo hali ya maktaba ya mlima huu: walioongozwa waliandika, walioongoza walisimulia. Hata Hemingway, ambaye hadithi yake fupi ya mwaka 1936 imebeba jina la mlima na theluji zake, alimwacha mhusika wake chini nyikani na mguu unaooza. Kilele anakifikia katika ndoto ya kufa tu. Ni hadithi nzuri, siipingi. Lakini mlima ule hauna baridi hata kidogo. Ni mweupe, mpana, unang'aa, na yule chui mkavu aliyetajwa mwanzoni kabisa hakuna anayeuliza alisikia nini.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa hapo hapo. Wenyewe wanajiita magaidi, wakikifupisha kizungu, na hakuna anayeogopa. "Shikamoo mzee. Leo tutakwenda mdogo mdogo." Nilimwitikia marahaba, nikamwambia kwamba mdogo mdogo ndiyo kasi pekee niliyobaki nayo. Kutoka langoni, kama mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Mandara, mita 2,700, ni kilomita nane hivi. Kwenye karatasi ni kazi ndogo.

Sehemu kubwa ni msitu. Miti imefuga ndevu za kijivu zinazoning'inia, maji yanapita chini ya madaraja ya mbao, na mbega wanaruka juu na mikia yao meupe kama watu wanaoanua mashuka. Kijana akanionyesha ua dogo jekundu lenye kimkia cha njano kilichojikunja kama ndoana. Akasema haliko popote duniani ila mlima huu. Nilisimama hapo muda mrefu, nusu kwa ajili ya ua, nusu kwa ajili ya pumzi.

Wapagazi walikuwa wakitupita. Neno hili, mpagazi, limenishangaza kwa namna linavyoishi. Ni neno la misafara ya pembe na watumwa, neno la karne ya Bwana Kheri. Mabasi yamekuja, reli imekuja, simu zimekuja, na hapa bado mtu anabeba kilo ishirini za mtu mwingine kupandisha mlima na jina lake ni lile lile. Wanakupita wakikupa pole. Ndiyo maana "polepole" imegeuka kauli mbiu ya mlima, inachapwa kwenye fulana, wageni wanaisema kwa fahari. Mlima huu umeipa dunia neno moja la Kiswahili, na neno lenyewe ni la mwendo, ni la mwili. Hilo nalo sikuliona mpaka nilipotweta.

Katikati ya njia, Kisambioni, tukakaa tukala. Nikamuuliza kijana: hivi nyinyi ile nyeupe ya juu mnaiitaje mkiongea wenyewe? Nilitarajia theluji. Akasema, "Barafu, mzee. Si kuna hadi kambi inaitwa Barafu, upande ule wa Machame?" Theluji je? Akafikiri. "Hiyo ya redioni."

Nilicheka peke yangu. Barafu! Kwetu Raskazone barafu ni ya kufunikia samaki, na ni ile ya ukwaju watoto wanayonunua wakitoka shule. Mzizi wake lakini ni wa Kiajemi, na Kiajemi neno hilo maana yake ni theluji hasa. Limevuka bahari, likashuka cheo likawa donge la kupozea changu, halafu wapanda mlima wakalirudisha juu bila kumuuliza mtu. Huku mimi nikiwakata watoto alama kwa kutotumia "theluji", ambayo ni ya Kiarabu na haijawahi kukanyaga mlima wowote.

Kijana huyu pia alinisimulia kile kisa cha Kibo na Mawenzi, ambacho watu wa huko wanacho kwa namna nyingi. Alivyosimulia yeye, Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto. Anapewa, anauzima makusudi njiani, anarudi tena, maana kwa Kibo kuna chakula. Mara ya mwisho Kibo akachoka, akampiga vibaya, ndiyo maana Mawenzi uso wake umepasukapasuka hadi leo. Nilikuwa nimeshakisoma mara kadhaa. Kukisikia pale, vidole vikiwa vimeanza kufa ganzi, ni jambo jingine. Ni kisa cha watu wenye baridi! Mtu anakwenda kuomba moto. Umbo la mlima linaelezwa kwa kipigo, na kipigo kinatokana na haja ya joto na ubahili wa jirani. Hakuna mahali kisa kinaposema mlima ni mzuri.

Tukafika Mandara saa saba mchana, vibanda vya mbao vya pembe tatu, ukungu umekaa juu yake kama chandarua. Chai ikaja. Nilitoa fotokopi begini nikaisoma tena, hapo hapo, mikono ikitetemeka kiasi kwamba karatasi ilipiga kelele. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Sweta mbili: nilikuwa nazo. Vidole vya mtu mwingine: vilikuwa vyangu. Tulipanda hadi ukingo wa kreta ya Maundi, mwendo wa robo saa, ambapo siku njema unaona Kibo, Mawenzi na upande wa pili hadi Ziwa Chala na nyika ya Kenya. Sikuona kitu. Weupe mtupu wa mawingu, kama kusimama ndani ya sufuria ya uji. Ningekuwa mtahiniwa wangu mwenyewe ningepata kumi na moja.

Nilisema sababu ni ya kifasihi. Nairudia, kwa sababu wakati nashuka nilikuwa nikivipitia vitabu kichwani, nikagundua kwamba kosa langu lilikuwa pana kuliko insha moja.

Tuna kitabu *Safari za Wasuaheli*, habari alizozikusanya Carl Velten na kuzichapa mwaka 1901. Humo yumo Sleman bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na safari ya Udoe hadi Uzigua, yumo Salim bin Abakari aliyefuatana na Mjerumani mmoja mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Nilipokuwa chuo tulifundishwa kuzisoma kama hati za historia. Kisanaa, tuliambiwa, ni kavu. Kwa nini kavu? Kwa sababu wanahesabu siku, wanataja maji yalipopatikana, hongo iliyolipwa na chakula kilicholiwa. Hawapambi. Lakini huo ndio ukamilifu wa namna yao ya kuandika: nchi inaandikwa kwa kile inachomgharimu anayeipita. Tulizipima kwa kipimo cha mtalii, ambaye halipi hongo wala habebi maji, kazi yake ni kutazama. Na tukishampa mtalii kiti cha mwalimu, kila insha itaandika paa la Afrika.

Nikamfikiria pia Abdulrazak Gurnah, na *Paradise* yake ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina *Peponi* mwaka 2022. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaachwa kwa Hamid, mwenye duka katika mji ulio chini ya mlima. Jioni wanaume wanakaa barazani, Hamid, Hussein wa Zanzibar na Kalasinga fundi, wanabishana juu ya pepo na mwisho wa dunia. Kwa Kiswahili mazungumzo yale yanasikika kama yamerudi nyumbani baada ya kukaa ughaibuni kwa lazima. Hapo kazi ya mtafsiri ni ya kushukuriwa. Mlima wenyewe katika riwaya hii si pambo. Wanaupanda kwa sababu ya biashara. Na Gurnah hatufichi jambo ambalo sisi watu wa pwani tunapenda kulipitia haraka: hawa waungwana wa barazani wanawatazama watu wa bara kwa dharau kubwa, washenzi huku, washenzi kule, na wao wenyewe wana madeni hadi shingoni. Ile kauli yangu kwamba fasihi yetu ni ya bahari ilikuwa na harufu ya baraza ile. Nilipomwambia msichana "mlima uko wapi", nilikuwa na hakika kwamba mpagazi hawezi kuwa na jambo la kumfundisha mtu juu ya lugha.

Halafu, kama kawaida ya mtu wa Tanga, nikaishia kwa Shaaban Robert. Amezaliwa Vibambani mwaka 1909, amezikwa Machui. Hayuko mbali na kitanda changu. *Kusadikika* tumeisoma wote, nchi iliyo angani, na Karama mbele ya baraza akijitetea. Utetezi wake ni nini? Ni hadithi za wajumbe. Mmoja baada ya mwingine wanatumwa nchi za mbali, wanateseka njiani, wanarudi na habari za manufaa, na kila mmoja anatupwa gerezani kwa ajili ya habari alizoleta. Nimeifundisha kama istiari ya ukoloni, na ni kweli. Sikuwahi kuisoma kama kitabu kuhusu kusahihisha madaftari. Lakini fikiria: mtu ametumwa na sisi wenyewe, amekwenda, amerudi na kile alichokikuta, na sisi ambao hatukutoka kitini tunamwambia hapana, hukukuta hivyo. Cooley alifanya hivyo London. Mie nilifanya hivyo Tanga, na mshahara nikalipwa.

Mtu ataniuliza, basi mwalimu, unataka watoto wasifundishwe tashibiha? Wafundishwe. Ule mfano wa vidole vya mtu mwingine ulikuwa tashibiha, tena bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha mwaka ule. Sikuitambua kwa sababu haikuwa ya rangi. Istilahi zetu za uhakiki zimelalia machoni: taswira, mandhari, picha, mchoro. Hatuna istilahi ya kile kinachosikika kwa ngozi. Sijui tuiite nini. Kuna wasomaji humu wenye elimu kunizidi, nawaachia.

Nililala tena Marangu. Asubuhi nikiwa Himo nangojea basi la Tanga, mama mmoja muuza ndizi alinigusa bega, akaelekeza kidevu nyuma yangu. "Umetoka." Nikageuka. Kibo kilikuwa wazi chote, juu ya mabati ya stendi, kikubwa kuliko inavyoruhusiwa. Kumbe wao husema hivyo, mlima umetoka, kama jirani aliyefungua mlango. Nilitazama kama dakika nne. Halafu kondakta akaanza kufoka, na kiti nilichopata kilikuwa upande usioona kitu.

Tanga wana msemo wao wa kuwatania wageni, waja leo waondoka leo. Mie nilikwenda mlimani kwa siku moja, sina haki ya kuuzungumzia zaidi ya hapa. La insha lakini lilikuwa langu.

Namba yake niliipata kwa mtu aliyesoma naye. Yuko Dar es Salaam, ana mtoto, anafanya kazi dukani. Nilimwandikia ujumbe mrefu mno, wa kizee, wenye aya. Akajibu baada ya siku mbili: "Shikamoo mwalimu. Ile ya kwanza nilijua uliitupa." Nikampigia picha kurasa zote tatu nikamtumia. Akaniuliza kama naweza kuzituma bila wino wangu, kwa sababu hazisomeki vizuri. Nikakaa jioni nzima barazani nikaziandika upya kwa mkono wangu, neno kwa neno, bila kusahihisha hata nukta.

Nilimuomba ruhusa iwekwe hapa, kwenye ukurasa huu huu, wiki ijayo. Amekubali, kwa sharti la kubadilisha jambo moja. Rafiki yake hakulia. Aliyekaa chini njiani akalia, akapewa glavu, alikuwa yeye. Aliogopa ningeisoma mbele ya darasa wakamcheka. Nimemwambia abadilishe.